Fungu la Jikoni

Walipokwisha kuanua matanga
kaka zangu walishuka shambani na kamba ya katani,
wakaupima mlima kama fundi anavyopima suruali.
Matuta ya juu, yanayolala na ukungu hadi saa nne, ya Mahimbo.
Matuta ya kati, yenye miwa myekundu, ya Kupaza.
Ya chini, kwenye mfereji, wakagawana kwa kurusha jiwe.
Nikauliza, na mimi?
Kupaza akatazama miguu yake.
"Wewe, Zaudia, chukua vitu vya jikoni."

Vitu vya jikoni:
chungu kimoja, kimefungwa waya shingoni,
kata mbili, kifumbu kilichotoboka,
na juu ya meko, uchagani, ndani ya moshi wa miaka,
mavungunya saba makavu,
meusi kama visigino vya baba.

Sikusema kitu. Nilivibeba
kwa njia ile ambayo goti hugusa kidevu
mpaka kwangu, Mbelei.

Watani zetu Wazigua husema
Msambaa ana mguu mmoja mfupi,
ule wa upande wa mlima.
Baba alikuwa nao kweli. Alikata miwa amejiegemeza
kwenye mwinamo kama mtu aliyeegemea ukuta wa jirani,
akaiviringisha mizigo hadi uani, mama akamenya,
wakatwanga wote wawili, mchi huu ukishuka
ule unapanda, bila kupishana neno.
Halafu aliniita mimi.
Mkono wangu ndio uliopita kwenye shingo ya chungu.
Mimi niliyatia mavungunya, mimi niliyatoa,
nikayaosha mtoni, nikayarudisha moshini.
"Usiyaoshe kwa sabuni," alisema.
"Wala usiyaoshe ukiwa na hasira."
Kaka zangu walikuwa nje, wakicheza mpira wa matambara.

Msimu ukafika. Wakatwanga.
Maji ya miwa yakakaa siku mbili
kama mgeni asiyejua kusalimu.
Siku ya tatu, nzi.
Siku ya nne, siki.
Wakanunua hamira dukani, wakaongeza sukari,
povu likapanda hadi mlangoni, wakashangilia.
Sokoni Soni mzee mmoja alionja, akatema pembeni,
akauliza kwa upole kama boha hii
imetengenezwa na watoto wa yule marehemu
au na majirani zao.

Kupaza alikuja usiku, mvua ikinyesha,
ameshika miche ya miwa myekundu kwapani.
Alisifia mvua.
Alisifia kuku wangu.
Alisifia hata mlango.
Mwishowe macho yake yakapanda yenyewe uchagani.
"Niazime moja tu."

Niliendelea kuchochea moto.
"Ile kamba ya katani bado unayo?"

Aliirudia asubuhi, umande umemlowesha hadi kiunoni.
Ina mafundo mawili. Nikampa mkononi.
"Funga la tatu. Hapo, karibu na miwa."
Katani mbichi inakwaruza, na vidole vyake vilikuwa vikubwa;
alifunga, likafunguka, akafunga tena.
Sikumsaidia.

Leo chungu kimefunikwa kwa majani ya mgomba.
Binti yangu Tabu ametia mkono hadi begani,
ulimi nje, kama mtu anayetafuta shilingi chini ya kitanda.
"Mama, kunachemka na hakuna moto."
Najua. Sikio langu liko ubavuni mwa chungu tangu jana,
nasikia mvua ndogo ikinyesha mle ndani,
na katikati ya mvua, mara moja moja,
kitu kama kikohozi cha mtu ninayemfahamu.
Kata ya kwanza nitaimwaga chini, penye lile tuta lake lililoinama.
Ya pili ya Kupaza.

Mahimbo hajaja bado.
Nasikia ameongeza sukari.